Aliyetangulia na Anayefuata: Historia ya Maneno ya Mfuatano katika Ekegusii

1. Utangulizi

Jedwali la Kwanza la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 limeorodhesha kaunti 47. Kisii imewekwa ya 45 na Nyamira ya 46, na tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, tarakimu hizo zimekuwa kama majina ya pili ya mahali hapo. Hakuna anayedhani kwamba Kisii ni kaunti arobaini na tano. Kila mtu anafahamu kwamba ni kaunti moja tu, iliyopewa nafasi fulani katika safu. Kadhalika, mjini Kisii liko soko mashuhuri liitwalo Daraja Mbili. Kama jina hilo lingekuwa Daraja la Pili, msikilizaji angetazamia kulikuta daraja jingine kabla ya kufika hapo.

Tofauti hii, ingawa ni ndogo kwa kuitamka, ndiyo inayoyatenga maneno ya namba katika mafungu mawili. Fungu la kwanza hujibu swali la "ngapi?", nalo tutaliita maneno ya idadi. Fungu la pili hujibu swali la "ya ngapi?", nalo tutaliita maneno ya mfuatano. Kiswahili kina bahati ya kuwa na swali hili la pili kwa ufupi; Kiingereza, pamoja na kuenea kwake kote, hakina neno moja la kuuliza jambo hilo.

Shabaha ya makala haya ni kuyachunguza maneno ya mfuatano katika Ekegusii, lugha ya Abagusii wa Kisii na Nyamira, na kuonyesha asili yake kwa kuyalinganisha na maneno ya lugha nyingine za karibu na za mbali. Hoja yetu kuu ni hii: mfuatano hauanzi kwa hesabu. Unaanza kwa kutangulia. Kabla mtu hajasema "wa pili" au "wa tatu", hapana budi awe amekwisha kukubali ni nani au ni nini kilichotangulia, na ukubali huo hutoka katika maisha ya watu: katika nyumba, katika ibada na katika kazi. Ekegusii kinalisema jambo hili waziwazi katika maumbo yake, na kwa sababu hiyo maumbo hayo yanastahili kuandikwa na kufikiriwa maadamu wapo wanaoyatumia.

2. Namba za Ekegusii na msingi wa tano

Ekegusii ni lugha ya Kibantu ambayo Malcolm Guthrie, katika mpango wake wa kuzigawa lugha hizi, aliipa alama ya E.42, kati ya Kilogooli, E.41, na Kikuria, E.43. Katika sensa ya mwaka 2019 kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira watu 605,576, mbali na Abagusii wengi wanaoishi nje ya kaunti hizo. Miongoni mwa waliokitafiti kwa utaratibu ni W. H. Whiteley, ambaye wasomi wa Kiswahili wanamjua kwa kazi zake nyingi za lugha ya Kiswahili. Mwaka 1956 alitoa kitabu cha kufundishia Ekegusii, na mwaka 1960 akatoa uchunguzi wa nyakati za vitenzi vyake. Katika miaka ya karibuni zaidi Jelle Cammenga alichapisha, mwaka 2002, maelezo mapana ya sauti na maumbo ya lugha hii.

Mtu anayehesabu kwa Ekegusii kuanzia moja husema: rimo, ibere, isato, inye, isano. Mtu ajuaye Kiswahili atautambua undugu mara moja. Zikiambatana na nomino, namba hizi huchukua viambishi vya ngeli, na sauti ya t iliyofichika katika isato na isano hurudi: abanto babere, abanto batato, abanto batano, yaani watu wawili, watatu, watano.

Baada ya tano njia inabadilika. Sita ni isano na rimo, yaani tano na moja. Saba ni isano na ibere, tano na mbili. Nane ni isano na isato, tano na tatu. Tisa ina neno lake, kianda, na kumi ni ikomi. Ishirini ni emerongo ebere, yaani makumi mawili, na mia ni rigana. Basi kumi na saba inasemwa kwa hatua tatu: ikomi na isano na ibere, yaani kumi na tano na mbili. Hapa mikono ya binadamu inaonekana wazi: mkono mmoja umekwisha, mwingine umeanza.

Namna hii ya kuzijenga namba za sita hadi nane juu ya tano haipatikani kwa jirani wote. Wakikuyu wana ithathatũ, mũgwanja na inyanya. Waganda wana mukaaga, musanvu na munaana. Wakuria, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu sana wa Ekegusii, wana muhungate kwa saba. Waluo, ambao lugha yao si ya Kibantu lakini wamepakana na Abagusii kwa muda mrefu, wana auchiel kwa sita na abiriyo kwa saba, na ndani ya maneno hayo bado zinasikika achiel, moja, na ariyo, mbili. Tutalirudia jambo hili mbele, kwa maana lina uzito katika historia.

3. Neno la anayetangulia

Tukitoka katika idadi na kuingia katika mfuatano, jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba Ekegusii hakimjengi "wa kwanza" kutokana na rimo. Neno lake ni ritang'ani, kama katika rituko ria ritang'ani, siku ya kwanza. Neno hili linatokana na kitenzi gotang'ana, chenye maana ya kutangulia au kuwa mbele. Ndugu zake wamo katika Kiswahili: kitenzi tangulia na neno tangu. Ng' ya Ekegusii, inayotamkwa kama katika ng'ombe, imetokea mahali pa ng kwa sababu ya sauti ya n inayofuata. Mabadiliko ya namna hii yamezoeleka katika lugha kadhaa za Kibantu.

Shina hili limesafiri mbali. Huko Zimbabwe, Washona husema kutanga kwa maana ya kuanza, na wanapotaka kusema "wa kwanza" husema wekutanga. Kwa hiyo Mgusii wa Nyamira na Mshona wa Harare, ambao hawajapata kuwa majirani, wanaita jambo moja kwa shina moja. Mzulu ana shina jingine lakini njia ni ileile: "wa kwanza" kwake hujengwa kwa ukuqala, kuanza. Mganda hutumia okusooka, kutangulia. Mluo husema mokwongo, nalo latokana na kitenzi cha kuwa wa kwanza. Na Kiswahili? Kwanza si namba hata kidogo. Ni kitenzi kuanza katika umbo lake la kutajia tendo, kilichokaa katika nafasi hiyo muda mrefu hata wasemaji wamesahau kuwa ni kitenzi. Wakikuyu na Wakamba wamefuata njia iliyo karibu na hii, lakini badala ya tendo wametumia mahali: wa mbere kwa Wakikuyu na wa mbee kwa Wakamba ni yule aliye mbele.

Mtu asidhani kwamba hili ni jambo la Afrika peke yake. Primus ya Kilatini inatokana na neno la kale lenye maana ya mbele. Neno la Kiingereza la "wa kwanza" nalo lilikuwa na maana ya aliye mbele kuliko wote. Wajerumani walilipata la kwao katika neno la mapema. Kiebrania kina rishon, kutoka rosh, kichwa. Kiarabu kina awwal, ambalo halihusiani na wahid, moja. Hata "wa pili" katika lugha fulani hutoroka namba: secundus ya Kilatini inatokana na kitenzi cha kufuata, na Waingereza wa zamani walipotaka kumtaja wa pili walimwita "yule mwingine", mpaka walipoazima neno la Kifaransa.

Thomas Stolz na Ljuba Veselinova walifanya hesabu ya jambo hili katika lugha 321 za dunia, nayo ilichapishwa mwaka 2005 katika atlasi ya miundo ya lugha. Fungu kubwa kuliko yote, lenye lugha 110, ni la zile zenye neno la pekee kwa "wa kwanza" na maneno yaliyojengwa juu ya namba kuanzia "wa pili". Lugha 61 zina neno la pekee kwa "wa kwanza" na kwa "wa pili" pia. Ziko pia lugha zinazoanza kujenga juu ya namba tangu moja yenyewe, lakini hizo ni 41 tu; na lugha 33 hazina maneno ya mfuatano kabisa. Ekegusii, basi, kimo katika fungu kubwa la wanadamu. Katika lugha nyingi za dunia kutangulia si kuhesabiwa moja. Kutangulia ni jambo la namna nyingine.

4. Kuanzia wa pili: kiambishi ka-

Baada ya ritang'ani, Ekegusii kinarudi kwenye namba, lakini si kwa umbo lile la kuhesabia. Siku ya pili ni rituko ria kabere. Ya tatu ni ria gatato. Ya nne ni ria kane. Ya tano ni ria gatano. Kitabu cha pili ni egetabo kia kabere. Kihusishi cha -a kinabadilika kufuata ngeli, ria kwa rituko na kia kwa egetabo, lakini neno la mfuatano lenyewe halibadiliki.

Msomaji atauliza: mbona kabere na kane zina k, na gatato na gatano zina g? Jibu lake ni kanuni ambayo wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl, kwa jina la Edmund Dahl, mmisionari aliyeigundua katika Kinyamwezi. Kanuni hii husema kwamba sauti kavu kama k, ikifuatwa na silabi inayoanza kwa sauti kavu nyingine kama t, hugeuka kuwa g. Ndiyo sababu Ekegusii husema korora, kuona, lakini gotang'ana, kutangulia. Na husema Ekegusii, lakini egetabo. Basi ka- na ga- ni kiambishi kimoja kilichovaa nguo mbili.

Kiambishi hichohicho kinapatikana kwa Wakikuyu, na kwa sheria hiyohiyo: wa kerĩ, wa gatatũ, wa kana, wa gatano. Wakamba, ambao hawaifuati kanuni hii katika maneno haya, husema wa katatu na wa katano. Kwa hiyo kutoka milima ya Kisii mpaka nchi kavu ya Ukambani, mfuatano unaoanzia "wa pili" umesimama juu ya ka-.

Ka- hii ni nini? Tukienda kusini mwa Afrika tunamkuta Mzulu akisema kabili kwa maana ya mara mbili na kathathu kwa maana ya mara tatu. Na Mshona akisema kaviri na katatu kwa maana hizohizo. Ka- ya huko ni ya kuhesabu mara. Tukiuweka ushahidi huu kando ya ule wa Kisii, rituko ria kabere linaeleweka vizuri kama "siku ya mara mbili", yaani siku ambayo ikifika, jambo la kuwa siku limekwisha kutokea mara mbili. Waganda walifikia lengo hilo kwa kiambishi kingine, oku-, wakasema okubiri, okusatu, okuna, okutaano.

Mpaka wa nguvu ya ka- nao una maana. Saba na nane, zilizojengwa juu ya tano, huichukua ka- katika sehemu zake zote mbili: siku ya saba ni rituko ria gatano na kabere, na ya nane ni ria gatano na gatato. Lakini kianda na ikomi haziongezewi kitu. Husemwa tu ria kianda na ria ikomi. Wakikuyu nao husema wa kenda na wa ikũmi. Ni kana kwamba lugha hizi zilihitaji ufundi wa pekee kwa namba ndogo, ambazo watu walizitumia kila siku kuwapanga ndugu, wake na mifugo, na kwa namba kubwa wakatosheka na neno lilivyo.

5. Mfuatano katika nyumba

Ili kufahamu kwa nini kutangulia kulipewa neno lake, yafaa tuitazame jamii iliyokitumia Ekegusii kabla ya ofisi na shule. Philip Mayer, aliyefanya utafiti Kisii katika miaka ya 1940, aliandika mwaka 1950 juu ya sheria ya mahari ya Abagusii. Robert na Barbara LeVine nao walieleza maisha ya jumuiya moja ya Kigusii katika kitabu chao Nyansongo, kilichotoka mwaka 1966. Kutokana na maandishi hayo tunaona kwamba kila mke alikuwa na nyumba yake, enyomba, yenye mashamba na mifugo yake. Ng'ombe walioingia kwa kuolewa kwa binti wa nyumba walitazamiwa kumwoza ndugu wa nyumba hiyohiyo, na ndugu walitazamiwa kuoa kwa kufuata kuzaliwa kwao.

Katika mpango wa namna hii, swali la "ya ngapi?" si swali la hesabu tupu. Ni swali la haki. Mdogo akimruka mkubwa wake katika kuoa, ng'ombe wa nyumba wamekwenda wasikopaswa kwenda, na ugomvi unaweza kudumu miaka. Aliyetangulia ana madai ambayo hayapatikani kwa kuhesabu vichwa, kwa maana hata kama ndugu wawili watapotea na kubaki mmoja, idadi itabadilika lakini kutangulia kwa mkubwa hakutabadilika. Neno lililotokana na kitenzi cha kutangulia linafaa hali hii kuliko neno lililotokana na moja. Moja hukaa peke yake. Anayetangulia lazima awe na wanaomfuata.

6. Siku ya saba iliyoangukia siku ya mosi

Waingereza waliweka kituo cha utawala Kisii mwaka 1907. Wamisionari wa Kikatoliki wa Mill Hill walifungua Nyabururu mwaka 1911. Waadventista Wasabato, ambao walikuwa wamefika Gendia katika nchi ya Waluo mwaka 1906, walianzisha misheni ya Nyanchwa karibu na mji wa Kisii muda mfupi baadaye. Kanisa hili la Wasabato likaenea sana katika Kisii na Nyamira, na pamoja nalo likaenea neno moja la mfuatano ambalo juu yake imani nzima inasimama: siku ya saba.

Agano Jipya la Ekegusii lilitoka mwaka 1948 na Biblia nzima mwaka 1988. Kwa hiyo kwa vizazi kadhaa rituko ria gatano na kabere imekuwa miongoni mwa semi za mfuatano zinazosikika zaidi katika lugha hii. Namba ambayo zamani ilihitajika kwa nadra sasa ilitajwa kila juma, kwa heshima, mbele ya mkutano.

Lakini Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuleta juma la namna nyingine. Juma la Kiswahili linahesabiwa kuanzia siku inayofuata Ijumaa, siku ya mkutano wa Waislamu. Siku hiyo ni Jumamosi, ya mosi. Halafu Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Baada ya Jumatano, ya tano, linaingia jina la Kiarabu, Alhamisi, ambalo nalo maana yake ni ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu siku inayofuata Jumamosi. Hivyo juma la Kiswahili lina siku mbili za tano zilizopakana, na hakuna anayepotea njia kwa sababu hiyo.

Matokeo yake Kisii ni jambo la kupendeza. Msabato wa Nyamira anayesema kwamba anakwenda kusali Jumamosi anasema, kwa Kiswahili, siku ya kwanza, na anakusudia, kwa imani na kwa Ekegusii, siku ya saba. Mkatoliki jirani yake huenda kanisani siku ambayo Biblia yaihesabu ya kwanza na Kiswahili chaiita ya pili. Wakishuka kuelekea ziwani, Waluo wanahesabu kwa kazi: Jumatatu ni Wuok tich, kutoka kwenda kazini, na Jumanne ni Tich ariyo, kazi ya pili. Uganda, Jumanne ni Lwakubiri, ya pili, na Zimbabwe ni Chipiri. Mreno huiita Jumatatu "ya pili", na kiwango cha kimataifa cha tarehe kilichotolewa mwaka 1988 kimeifanya Jumatatu kuwa siku ya kwanza ya juma. Basi Jumatatu hiyohiyo moja ni ya tatu kwa Mswahili, ya pili kwa Mreno na ya kwanza kwa Mluo.

Nani amekosea? Hakuna. Siku zenyewe hazina namba. Kila jamii ilichagua siku ya kutangulia kwa sababu iliyoijali: sala ya Ijumaa, uumbaji wa dunia, au kazi ya mwajiri. Baada ya kuchagua, hesabu ilifuata yenyewe. Hoja tuliyoianza kwa kulichambua neno ritang'ani inathibitishwa hapa na kalenda.

7. Yanayoondoka na yanayobaki

Hapo nyuma tuliona kwamba Wakuria wana muhungate kwa saba. Mswahili anaye ndugu wa neno hilo, ingawa hamtumii kuhesabia: ni fungate, siku saba ambazo maarusi hukaa ndani baada ya harusi. Visiwani Ngazija saba ni mfukare. Neno linalopatikana Kuria, katika pwani ya Uswahilini na katika visiwa vya bahari ya Hindi haliwezi kuwa geni la jana. Kiswahili kilikuwa nalo, kama kilivyokuwa na tandatu kwa sita na kenda kwa tisa. Biashara na elimu ya Kiarabu zikaleta sita, saba na tisa. Tandatu ikasahaulika, kenda ikazeeka, na fungate ikajificha katika chumba cha maarusi.

Ekegusii nacho, kikiwa ndugu wa Kikuria, yaelekea kilipitia badiliko la namna yake, kikaliacha neno la zamani la saba na kujenga jipya juu ya tano, katika nchi ambamo majirani Waluo pia walikuwa na namba za namna hiyo. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba isano na ibere ni Ekegusii cha tangu azali. Hicho nacho kilikuwa kipya siku moja. Historia ya namba ni historia ya majirani.

Hata hivyo, badiliko linaloendelea sasa ni la namna tofauti. Ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba katika miaka mitatu ya mwanzo ya shule mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali pake. Lakini hesabu inapokolea katika madarasa ya juu, lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Na Kiswahili, kilichofanywa somo la lazima la mtihani katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, ndicho kinachotawala sokoni. Matokeo yake ni kwamba bei, tarehe, madarasa na nambari za nyumba husemwa mara nyingi kwa namba za Kiswahili au za Kiingereza hata katikati ya mazungumzo ya Ekegusii. Namba za moja hadi tano zinashikilia, zinazofuata zinalegea. Na ikiwa isano na ibere italegea, gatano na kabere, ambayo ni ngumu zaidi, haitabaki nyuma yake. Itabaki katika Biblia kama fungate ilivyobaki katika harusi.

Je, kuna hasara gani? Wapo watakaosema kwamba namba ni namba, na kwamba "ya saba" inatosha. Hilo ni kweli kwa mtu anayetafuta nyumba. Lakini katika Ekegusii neno la mfuatano lina hesabu yake ndani: anayelisikia gatano na kabere anasikia mkono uliokamilika na vidole viwili vilivyoongezwa, na anasikia ka- inayomwambia kwamba jambo limetokea mara kadhaa. Mtoto anayelijua neno hilo amefundishwa kujumlisha kabla ya kuingia darasani. Akipewa "saba" peke yake amepewa sauti nzuri, lakini sauti isiyojieleza, kama vile Mswahili wa leo asivyosikia chochote ndani ya saba ya Kiarabu.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaiagiza dola kukuza na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Agizo hilo halitatekelezwa kwa hotuba. Linahitaji kazi ndogondogo za subira, na kazi moja iliyo karibu ni hii: wanafunzi wa isimu wa Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka 2013, na wa vyuo vingine, waende Bobasi, Kitutu, Nyaribari, Mugirango na kwingineko, wawasikilize wazee na vijana wakihesabu hadi mia, kisha wakitaja mfuatano wa siku, wa watoto na wa wake. Wayaandike maumbo yote bila kuyasahihisha, yaliyochanganywa na Kiswahili pamoja na yale yasiyochanganywa, kwa maana mchanganyiko nao ni historia. Kisha waalimu wa madarasa ya chini wapewe orodha hizo, ili mtoto ajue kwamba "wa kwanza" katika lugha ya nyumbani kwao ni yule aliyetangulia, na kwamba kutangulia huko kunampa wajibu kwa wale wanaomfuata.